Maktaba ya McMillan: Mlango Ulifunguliwa, Rafu Bado

Wanaobishana juu ya Maktaba ya McMillan ya Nairobi hubishania yale yanayoonekana kutoka barabarani: jina la mlowezi, simba wawili wa mawe wanaolinda ngazi, na safu ya nguzo nene zinazolifanya jengo lionekane kama hekalu la Kigiriki lililopotea njia. Wako wanaotaka jina lifutwe na simba waondolewe, na wako wanaosema usiguse kitu, huo ni urithi. Mimi naona pande zote mbili zinatazama ukuta. Ukiifuata historia ya jengo hili tangu siku lilipofunguliwa, tarehe 5 Juni 1931, utaona kwamba ukuta ndio uliokuwa rahisi kuliko vyote kurithi. Kilichokuwa kigumu, na ambacho hadi leo hakijakabidhiwa kikamilifu kwa wananchi, ni kilichomo ndani: vitabu, namna vinavyopangwa, na fedha za kuviweka hai.

Mwenye jina kwanza. William Northrup McMillan alizaliwa mwaka 1872 huko St. Louis, Marekani, katika familia iliyotajirikia mabehewa ya reli. Mwanzoni mwa karne ya 20 alijaribu kuushuka mto Nile ya Buluu kule Ethiopia, mambo yakamharibikia, akahamia Kenya na kujipatia ardhi kubwa sehemu za Juja na Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengi wanaujua kwa jina la Kilimambogo. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, Juja ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Nyumba aliyokuwa nayo McMillan mjini Nairobi iliitwa Chiromo, na mahali pale leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akapewa cheo cha "Sir", akafa mwaka 1925. Amezikwa kwenye mteremko wa Ol Donyo Sabuk, na watu wa huko husimulia kwamba mwili wake ulikuwa mkubwa mno kiasi kwamba gari lililombeba lilishindwa kupanda hadi kileleni alikotaka kuzikwa. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyeamua kumkumbuka mumewe kwa maktaba.

Fedha zake hazikuwa peke yake. Shirika la Carnegie la New York lilichangia, na mchango huo unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu unaeleza mengi juu ya yaliyofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1920 shirika hilo liliwatuma wataalamu wawili, Milton Ferguson wa California na Septimus Pitt wa Glasgow, wakague hali ya maktaba Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya. Ripoti yao ikatoka mwaka 1929. Andrew Carnegie, aliyeanzisha shirika hilo, alikuwa amejijengea sifa ya kutoa maktaba za bure kwa watu wa kawaida. Lakini Nairobi fedha zake zilikwenda kwenye jumba ambalo hati yake ya udhamini ilisema ni la Wazungu tu. Wakati huo Wazungu wa Kenya nzima, watoto wakiwemo, walikuwa kama 17,000. Jumba lilijengwa kwa fahari isiyolingana na idadi hiyo: nguzo zilizovikwa mawe ya matale, baraza iliyosakafiwa kwa marumaru nyeupe, madirisha yenye fremu za shaba. Gavana Joseph Byrne alilifungua. Kando yake, Waislamu wa Nairobi walikuwa bado wanajenga Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933. Kwa hiyo majengo haya mawili ni rika moja, yanapakana, na kwa zaidi ya robo karne mtu aliyetoka kuswali katika moja hakuruhusiwa kuingia kusoma katika jingine.

Hapa huja pingamizi ambalo husemwa kwa upole na watu wenye nia njema: jamani, huo ndio ulikuwa wakati wake, na bila walowezi tusingekuwa na maktaba kabisa. Sehemu ya pili ya dai hilo si kweli. Mwaka 1903, miaka 28 kabla ya McMillan, Mombasa ilikuwa imekwisha kupata Maktaba ya Seif bin Salim, ambayo jina lake lenyewe lilisema kwamba ni ya umma na kwamba chumba chake cha kusomea ni cha bure. Ilitoka kwa familia ya Liwali Salim bin Khalfan, si kwa Wazungu. Nairobi nako, katika miaka ya 1940, Wahindi walijenga maktaba ya kumkumbuka Manilal Desai, mwandishi wa habari na mwanasiasa ambaye ofisi yake ilikuwa imemfaa mwanaharakati Harry Thuku alipokuwa akipanga harakati zake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wazo la watu kujengeana mahali pa kusoma lilikuwepo hapa hapa, kwa watu wa hapa. Kilicholetwa na jumba la 1931 ni kitu kingine: maktaba iliyosimama katikati ya mji na kupewa kinga ya sheria ya nchi, huku ikiwafungia nje wengi wa wakazi wa nchi hiyo. Na kuhusu "wakati wake", Wahindi, Waarabu na Waafrika wa Nairobi waliishi wakati huohuo. Nao pia walikuwa na maoni juu ya kufungiwa mlango.

Mlango ulianza kulegea mwaka 1958, Waafrika na Waasia walipoanza kuruhusiwa, na mwaka 1962 jengo likawa chini ya Baraza la Jiji la Nairobi, mwaka uleule Charles Rubia alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya. Katika simulizi nyingi hapa ndipo hadithi inapoishia: palikuwa pa Wazungu, sasa ni petu sote. Lakini hebu tuone Nairobi ilivyoyafanyia majengo na alama nyingine za enzi ile. Sanamu ya mlowezi Delamere iliondolewa baada ya uhuru na barabara yake ikawa Kenyatta Avenue. Kipande House, jengo la mwaka 1913 ambamo wanaume wa Kiafrika waliandikishwa na kupewa kipande, kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, limekuwa benki. Wateja wengi huingia na kutoka bila kujua foleni za hapo zamani zilikuwa za nini. Ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, nayo ya mwaka 1913, iko chini ya Makumbusho ya Taifa na inaonyesha kazi za sanaa. Kila moja ya alama hizo ilipata jibu lililo wazi: iondolewe, igeuzwe biashara, ifanywe makumbusho. McMillan haikupata jibu. Iliendelea kuwa maktaba, ikiwa na vitabu vilevile, rafu zilezile na meza zilezile. Baraza lilipokea jengo na kila kilichomo kama mtu anayepokea nyumba ya kupanga.

Ukitaka kuitetea hali hiyo, utasema kuendelea kuwa maktaba ni ushindi, na kwa kiasi fulani utakuwa na haki. Viwanja vya katikati ya Nairobi viliwatoa watu udenda kwa miongo mingi. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, iliponea chupuchupu mwaka 1991, Zarina Patel na wenzake walipoipigania. Miaka miwili kabla ya hapo Wangari Maathai alikuwa amesimama kidete jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama njugu, ikiwemo ya barabara, shule na vyoo. Katika kipindi hicho chote hakuna ghorofa iliyoota mahali pa McMillan, na sababu moja, naamini, ni kwamba maktaba hii ilikuwa na sheria yake yenyewe ya Bunge, iliyojulikana kama Sura ya 217. Majengo machache sana nchini yamewahi kupata kinga ya namna hiyo. Ni jambo la kuchekesha kwa uchungu: sheria iliyotungwa kulinda matakwa ya familia ya mlowezi ndiyo iliyokuja kulinda mali ya wananchi dhidi ya wananchi wenzao wenye tamaa.

Lakini sheria inaweza kumzuia mtu asibomoe. Haiwezi kumlazimisha anunue vitabu. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji na kuweka tume ya kuteuliwa, na hadi mwaka 1992 Nairobi haikuwa na diwani hata mmoja aliyechaguliwa. Jiji lililoshindwa kuzoa taka lisingekumbuka maktaba. Wapo wakutubi waliobaki wakilinda mkusanyiko ule kwa mishahara midogo, na kama si wao leo tusingekuwa na cha kujadili. Hata hivyo paa lilizeeka, vitabu vipya vikawa adimu, na magazeti ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na Hansadi (kumbukumbu za mijadala ya Bunge) na matoleo ya gazeti rasmi la serikali, yakaachwa yakivuta vumbi na kuchakaa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa miaka ya 1990 aliyeingia McMillan hakuzuiwa na mtu mlangoni, lakini alikutana na maktaba iliyochaguliwa kwa ajili ya msomaji mwingine, aliyekwisha kuondoka. Alitafuta kiti akasoma vitabu vyake alivyotoka navyo shuleni. Hivyo ndivyo wengi walivyoitumia McMillan: kama meza na kiti chenye paa juu yake.

Rafu zenyewe zinasema zaidi kuliko simba wa nje. Maktaba nyingi za Kenya, McMillan ikiwemo, hupanga vitabu kwa mfumo wa namba uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Mfumo huo unagawa elimu yote katika mafungu kumi ya mamia. Fasihi ni fungu la 800. Fasihi ya Kiingereza ina namba zote kuanzia 820 hadi 829, kumi nzima, tamthilia yake mahali pake, riwaya mahali pake, mashairi mahali pake. Fasihi ya lugha za Kiafrika, kuanzia Kiyoruba hadi Kizulu, imebanwa katika namba moja, 896, na Kiswahili kimepewa sehemu ndogo ndani yake: 896.392. Dini ni fungu la 200. Namba za kuanzia 220 hadi 289 ni za Biblia na Ukristo. Uislamu ni 297, pamoja na matawi yake yote, na dini za jadi za Kiafrika zinatafutiwa nafasi hukohuko mwishoni, katika 299. Sasa kumbuka jengo liko wapi. Msikiti wa Jamia uko ukuta kwa ukuta na maktaba, waumini wake hujaa hadi barabarani kila Ijumaa, na ndani ya maktaba dini yao yote ni namba moja pembeni mwa rafu. Anayeongea Kiswahili tangu Banda Street, mtaa wa maktaba yenyewe, hadi Lamu na Kigoma, akitaka kitabu cha lugha yake, anatafuta tarakimu tatu baada ya nukta.

Mkutubi mwenye uzoefu atanijibu kwamba hizi ni namba tu. Hazina dharau wala heshima. Kazi yake ni kumfikisha msomaji kwenye kitabu, na faida ya kutumia mfumo unaotumika duniani kote ni kwamba kitabu kilichoorodheshwa London au Accra kinaweza kuorodheshwa Nairobi bila kuanza upya. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Maktaba yenye wafanyakazi wachache haiwezi kujitungia mfumo wake na kupanga upya maelfu ya vitabu kwa sababu tu mfumo wa zamani unaudhi. Ila namba hizi zina matokeo yanayoonekana kwa macho. Namba ndefu huandikwa kwenye kibandiko kidogo mgongoni mwa kitabu, na kitabu chenye tarakimu nyingi huwa kigumu kukitafuta na rahisi kukirudisha mahali pasipo pake. Mkusanyiko uliobanwa katika kipande kidogo cha rafu humfanya msomaji aamini kwamba ni kidogo. Na wenyewe watunzaji wa mfumo wa Dewey wanajua hayo: kanuni zake zinairuhusu maktaba kuipa lugha ya nchi yake namba fupi yenye kipaumbele, katika fasihi kwa kulitumia fungu la 810. Yaani Nairobi inaweza kukiweka Kiswahili mbele ya rafu zote za fasihi bila kuvunja kanuni hata moja na bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa jicho langu hilo lingekuwa badiliko kubwa kuliko kumwondoa simba yeyote.

Na jina je? Sina shida na wanaotaka libadilishwe. Limo katika sheria, na Bunge linaweza kulitoa. Nachelea tu kwamba jina jipya lingekuwa rahisi mno. Lingezinduliwa kwa ngoma na hotuba, kibao kingefunuliwa, na kesho yake msomaji angekuta rafu zilezile. Wala sikubaliani na wanaosema jina lisiguswe kwa sababu ya shukrani kwa familia ya McMillan. Lucie McMillan alitoa fedha kwa ajili ya watu wake, na watu wake walilitumia jengo kwa karibu miongo mitatu; deni hilo, kama lilikuwepo, lilikwisha kulipwa. Jina libaki au liende, lakini mjadala wake usile muda wa mjadala wa vitabu.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la fedha. Nairobi ina mitaa isiyo na maji ya uhakika na shule ambazo watoto wamesongamana madarasani. Anayedai pesa za maktaba ataonekana kama mtu anayeagiza pazia la hariri kwenye nyumba isiyo na choo. Jibu langu la kwanza ni la kisheria. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali linalogawa kazi baina ya serikali ya taifa na kaunti, imetaja maktaba kwa jina miongoni mwa kazi za kaunti. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Kaunti ya Jiji la Nairobi haifanyi hisani inapotunza maktaba. Inatimiza kazi iliyopewa na wananchi kwa kura ya maoni. Jibu la pili linahusu nani anaumia. Mwenye nyumba ya vyumba vinne na intaneti hahitaji McMillan. Anayeihitaji ni kijana anayelala chumba kimoja na watu watano, ambaye taa ikizimwa saa tatu usiku masomo yameisha. Ukisema maktaba ni anasa, unamaanisha ni anasa kwake yeye.

Kuna na wanaosema simu imemaliza kazi ya maktaba. Kwa kitabu kilichochapishwa mwaka jana huenda ni kweli. Kwa Hansadi za miaka ya 1930, ambazo ndani yake wajumbe wa Kizungu walijadili ardhi ya nani ichukuliwe na kodi ya kichwa ipande kiasi gani, si kweli hata kidogo. Mtu anayefuatilia mgogoro wa shamba la babu yake anaweza kuhitaji tangazo la gazeti la serikali ambalo nakala yake ya karatasi ndiyo pekee anayoweza kuifikia. Karatasi zile zikioza hakuna simu itakayozifufua. Na kuzipiga picha ziingie kwenye kompyuta ni kazi inayofanyika maktabani, na watu wa maktaba, kwa fedha za maktaba.

Tangu mwaka 2017 kazi ya namna hiyo imekuwa ikisukumwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa na mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, ambao waliingia makubaliano na kaunti kuifufua McMillan pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Walianza na matawi, na naona walianza mahali sahihi. Kaloleni na Makadara ni mitaa ya wafanyakazi. Maktaba zake hazina marumaru wala simba, na hakuna mtalii anayekwenda kuzipiga picha, lakini mtoto wa jirani anaweza kuzifikia kwa miguu. Kukarabati hizo kwanza, kabla ya jumba la katikati ya mji, ni kukubali kwamba thamani ya maktaba iko kwa msomaji.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wanaoshangilia ukarabati hawana budi kulifikiria, na historia ya jengo lenyewe inalionyesha. Mwaka 1931 fedha za kutoka nje zilijenga, na wenye mamlaka wa hapa wakaamua nani aingie. Mfadhili hakulazimisha ubaguzi wala hakuuzuia. Leo pia wafadhili wanaweza kupaka rangi, kubadilisha paa, kununua viti na hata kulipia kazi ya kuhifadhi magazeti, lakini hawawezi kuajiri wakutubi kwa miaka 30 ijayo wala kuamua maktaba ifungwe saa ngapi jioni. Hilo ni la kaunti, na kila mwaka linapitia mikononi mwa madiwani wanapojadili makadirio ya bajeti, katika vikao ambavyo sheria inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Maswali ya kuuliza pale si magumu: ni shilingi ngapi zimetengwa kununua vitabu vipya, tofauti na mishahara na ukarabati? Vitabu vya Kiswahili ni vingapi kati ya vitakavyonunuliwa? Na Kaloleni itafungwa saa ngapi, kabla au baada ya watoto kutoka shule?